Rusumo: Waliopita wameandikwa, waliowapokea bado

Na Mwandishi Wetu, Ngara

Katikati ya Daraja la Rusumo kuna mpaka usioonekana kwa macho. Upande huu ni Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Upande wa pili ni Wilaya ya Kirehe, Rwanda. Malori yaliyopakia bandarini Dar es Salaam yanateremka mlima kwa gia nzito, yanapanga foleni kusubiri zamu kwenye kituo cha pamoja cha forodha. Madereva wanashuka na nyaraka mkononi, wabadilisha fedha wanawafuata, mama lishe wanaita wateja.

Chini ya daraja unapita Mto Kagera, maji yake yana rangi ya udongo. Hapo hapo ndipo yalipo maporomoko yaliyoupa mpaka huu jina.

Dereva hana muda wa kuangalia maji. Ana mzigo wa watu na safari ya kufika Kigali, pengine hadi Kongo. Lakini hata mwenye muda hana cha kumweleza kwamba hapa anapokanyaga, ndani ya miaka 130 hivi, ulipita msafara wa Mjerumani aliyekuja kuwa gavana wa nchi yetu, kisha wakapita watu robo milioni ndani ya siku moja wakikimbia, na sasa unatoka umeme unaowasha taa za nchi tatu.

Kila aliyepita Rusumo kwa kishindo amepata nafasi kwenye kitabu fulani. Waliokuwa wakiishi hapa na kuwapokea hao wapitaji, Wahangaza na Washubi wa Ngara pamoja na Wasubi wa Biharamulo, wanatajwa kwa jumla tu, au hawatajwi kabisa. Makala haya yanahusu pengo hilo, na sababu za kulijaza sasa kabla walioshuhudia hawajatuacha.

Mto uliowagombanisha watafiti

Tuanze na maji yenyewe. Karibu na maporomoko ya Rusumo, Mto Ruvubu unaotoka milima ya Burundi unakutana na mto unaoteremka kutoka Rwanda, Nyabarongo, ambao ukifika huku unaitwa Akagera. Baada ya kukutana, mto mmoja unaendelea kaskazini kisha mashariki hadi Ziwa Victoria. Kagera ndiyo inayoingiza maji mengi zaidi ziwani kuliko mto mwingine wowote, ndiyo maana wanaotafuta chanzo cha mbali zaidi cha Nile hujikuta wanaufuata mto huu.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria, alifuata Ruvubu na kutangaza kwamba amefika kwenye chimbuko la Nile huko Burundi. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, Richard Kandt, alifika mahali mito hii miwili inapokutana, akalinganisha maji yake, akaamua kwamba mkubwa ni ule wa Rwanda. Akaufuata hadi msitu wa Nyungwe. Ni Kandt huyo huyo aliyekuja kuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907.

Ubishi haukuishia hapo. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alirudi kwenye hoja ya Burundi, na leo Rutovu kuna piramidi ndogo ya mawe ya kuonyesha chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Rwanda nayo inawapeleka watalii Nyungwe kuona chanzo chake.

Nchi mbili zimejenga utalii juu ya ncha mbili za mito hii. Mahali ambapo mito hiyo inakutana, ambapo hukumu ya Kandt ilitolewa, ni hapa kwenye mpaka wa Ngara. Mwanafunzi wa sekondari wa Ngara angeweza kuletwa ukingoni akafundishwa jiografia ya Nile kwa kunyoosha kidole.

> Nchi mbili zimejenga utalii kwenye ncha mbili za mito. Mahali mito inapokutana ni mpakani mwa Ngara.

Mtawala aliyewasimamisha wageni

Kabla ya Wajerumani hawa, njia ya misafara kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, kwenda Karagwe ilikatiza nchi ya Usui, ambayo wenyewe waliiita Rusubi, eneo la Biharamulo ya leo. Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita huko wakielekea Karagwe na Buganda. Mtawala wa Usui alikuwa Suwarora, na hakuwaruhusu wapite hadi walipe hongo, yaani ushuru wa njia ambao kila msafara ulitozwa.

Speke aliandika habari za Suwarora kwa uchungu mwingi, na wasomaji wa Ulaya wakamjua kama kikwazo. Lakini alichofanya Suwarora ndicho kinachofanywa leo na maofisa wa forodha pale Rusumo: mgeni mwenye mzigo anapita katika nchi yenye mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kutoza. Huyo ni mtawala aliyekuwa na mamlaka yake, mipaka yake na askari wake. Habari zake zimetufikia kwa kalamu ya mtu aliyekuwa na hasira naye, na hadi leo hatujamwandika upya kwa kalamu yetu.

Mei 1894, Gustav Adolf von Götzen alivuka Kagera hapa Rusumo na msafara wake. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuikatiza Rwanda nzima na kuonana na Mwami, yaani mfalme, Kigeli Rwabugiri. Baadaye, kuanzia 1901 hadi 1906, alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyeongoza ukandamizaji wa Vita vya Maji Maji. Msafara wa watu wake wengi ulilishwa na vijiji vya njiani. Jina la Götzen liko kila mahali. La kijiji kilichompa chakula halipo.

Mpaka uliochorwa mbali

Wajerumani walijenga boma Biharamulo, na mji ukakua kulizunguka. Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliteka Biharamulo na kuendelea kusini hadi Tabora. Mshindi alipobadilika, mpaka nao ulibadilika.

Makubaliano ya Milner na Orts ya 1919 yaligawa nchi kati ya Uingereza na Ubelgiji. Bugufi, ambayo ni sehemu kubwa ya Ngara ya leo na ambayo wakati wa Wajerumani ilihesabiwa pamoja na Urundi, ikabaki upande wa Waingereza. Ng'ambo ya mto, eneo la Gisaka la Rwanda nalo likachukuliwa na Waingereza waliokuwa wanaota reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwami Musinga na wamisionari walipinga, na mwisho wa 1923 Gisaka ikarudishwa. Kwa muda mfupi, basi, kingo zote mbili za Rusumo zilikuwa chini ya bendera moja.

Bugufi haikurudi. Ukoo uliokuwa na ndugu pande zote mbili uliamka siku moja ukiwa na serikali mbili. Lugha haikukatika: Mhangaza na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Hilo litakuja kuwa na maana kubwa miaka 70 baadaye.

Saa 24 za Aprili 1994

Hapa ndipo moyo wa habari ulipo.

Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, Warundi walianza kuingia Ngara. Hawakuwa wametulia bado, Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ikatunguliwa Kigali ikitoka Dar es Salaam. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Jirani tu na Rusumo, kwenye kanisa la Nyarubuye, maelfu waliuawa katikati ya Aprili. Kagera ikaanza kubeba miili.

Jeshi la waasi wa RPF, Rwandan Patriotic Front, lilipokuwa likikaribia mpaka mwishoni mwa mwezi huo, watu walimiminika darajani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilikadiria kwamba kati ya Aprili 28 na 29 walivuka watu wapatao 250,000 ndani ya saa 24. Shirika hilo lilisema halijawahi kuona wimbi kubwa na la haraka kiasi hicho. Daraja la wakati ule lilikuwa jembamba, la njia moja. Upande wa Ngara watu walitakiwa kuacha silaha, na mapanga na marungu yakarundikwa kando ya barabara.

Wengi waliofika walikuwa Wahutu waliokimbia RPF. Ndani yao walikuwemo mama na watoto wasio na hatia, na ndani yao walikuwemo pia walioua. Ngara ilipokea wote bila kujua nani ni nani.

Walipelekwa Benaco, mahali palipoitwa hivyo kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara. Kambi nyingine zikafuata: Lumasi, Musuhura, Lukole, Kitali, Keza. Wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima, na ilisemwa Benaco imekuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania baada ya Dar es Salaam. Mpigapicha mashuhuri wa Brazil, Sebastião Salgado, alipiga Benaco picha zilizozunguka duniani kote. Kwenye picha zile unaona bahari ya watu, moshi na mahema ya plastiki. Mhangaza mwenye shamba lililogeuka kambi humwoni.

> Watu wapatao 250,000 walivuka ndani ya saa 24. Dunia ikapiga picha waliofika, waliowapokea hawakuonekana.

Waliobaki na visiki

Ni vigumu kwa asiyekuwepo kupata picha ya kilichotokea kwa mwenyeji wa Ngara katika miaka ile miwili na nusu. Kila jiko la mkimbizi lilihitaji kuni. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, na akina mama wakaanza kutembea mbali zaidi kila mwezi kutafuta kuni na maji. Migomba iliibwa usiku, mifugo ilipotea. Hospitali ya Murgwanza, iliyokuwa ya kuhudumia wilaya ya vijijini, ikajikuta kwenye kitovu cha dharura ya dunia. Barabara ya msitu wa Kasindaga, Biharamulo, ikawa na sifa mbaya ya utekaji, na mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi wenye silaha kwa miaka mingi baada ya kambi kufungwa.

Haki inatudai kusema upande mwingine pia. Wapo waliopata. Mwenye maharage na ndizi alipata soko mlangoni. Vijana waliojua kusoma waliajiriwa na mashirika kama madereva, walinzi, wakalimani na makarani. Mkulima alipata vibarua kwa bei nafuu, na nyumba za mabati zikaongezeka. Visima, madarasa na zahanati vilijengwa kwa fedha za misaada. Faida ilimwendea zaidi aliyekuwa na kitu mkononi tangu mwanzo, na hasara ikamlemea zaidi mjane na mkulima mdogo aliyetegemea msitu.

Kanisa nalo lilibeba sehemu yake. Askofu wa Rulenge wakati huo alikuwa Christopher Mwoleka, mmoja wa watu wa pekee kabisa katika historia ya dini nchini. Aliongoza jimbo hilo kuanzia 1969 hadi 1996. Aliuamini Ujamaa kiasi cha kwenda kuishi mwenyewe katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akilima na wanakijiji, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma kwa nguvu jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Wataalamu wa teolojia wa nchi za mbali wamemwandikia kurasa. Kijana wa Ngara wa leo, ukimtajia Mwoleka, uwezekano ni mkubwa hajui unamzungumzia nani. Hilo linaniuma.

Na ilikuwepo sauti. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, Ngara. Mwaka mmoja tu kabla, Radio RTLM ya Kigali ilikuwa ikitaja watu wa kuuawa hewani. Ngara ikajibu kwa redio iliyotangaza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, ikiunganisha watu waliopotezana, ikifundisha afya na kuchezesha muziki. Kwa vijana wengi wa Ngara na Biharamulo ndiyo redio ya kwanza kuwasikia wao wenyewe wakizungumza.

Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka, mzigo ukiwa umezidi. Desemba 1996 serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla ya mwisho wa mwaka. Maelfu walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari wakawageuza. Karibu nusu milioni walirudi kwa njia ile ile, juu ya daraja lile lile. Kambi ya Lukole ya Warundi ndiyo iliyobaki hadi ilipofungwa 2008.

Umeme uliochukua miaka 46

Agosti 24, 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini Rusumo makubaliano ya kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga 1981. Ndoto kubwa ya shirika hilo ilikuwa kuzalisha umeme kwenye maporomoko haya. Shirika lilivunjwa 2004 bila kuwasha hata taa moja.

Mradi ulifufuliwa kupitia mpango wa nchi za Bonde la Nile. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 za Marekani, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikashiriki kwenye njia za kusafirisha umeme. Mpango wa awali wa bwawa kubwa ungezamisha mashamba na makazi mengi, hivyo ukapunguzwa ukawa mtambo unaotumia mtiririko wa mto wenyewe. Mwaka 2023 mitambo ilianza kuingiza umeme gridini. Uwezo wake ni megawati 80, na kila nchi inapata theluthi moja. Njia ya Tanzania, ya kilovolti 220, inakwenda Nyakanazi, wilayani Biharamulo.

Kwa watu waliozoea jenereta za dizeli na kukatikiwa umeme usiku, hili ni jambo kubwa. Fundi wa kuchomelea wa Nyakanazi hana sababu ya kulilia maporomoko ikiwa mashine yake sasa inafanya kazi mchana kutwa. Lakini maji yanayopelekwa kwenye mitambo hayashuki tena kwenye mwamba. Rusumo aliyoiona Götzen, na Rusumo waliyoivuka watu wa 1994, inabadilika mbele ya macho yetu. Hilo ndilo linalofanya kazi ya kuweka kumbukumbu iwe ya haraka.

Kumbukumbu au mkate

Ukilizungumzia suala la kufanya Rusumo kuwa eneo la kumbukumbu, utakutana na pande tatu, na kila moja ina hoja.

Wa kwanza ni wa mkate kwanza. Hoja yao ni kwamba Ngara inahitaji barabara ya Lusahunga hadi Rusumo isiyo na mashimo, reli ya kutoka Isaka kwenda Kigali ambayo imezungumzwa muda mrefu, na mgodi wa nikeli wa Kabanga. Nikeli ya Kabanga ilijulikana tangu miaka ya 1970, na leseni ya uchimbaji ilitolewa Oktoba 2021 kwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Mtu wa upande huu anauliza: mnara unalipa ada ya shule?

Nawaelewa. Lakini tazameni mpango wenyewe wa nikeli: mawe yachimbwe Ngara, usafishaji upangwe kufanyika Kahama. Malori yanapita Ngara, nyaya zinapita Ngara, na madini nayo yatapita. Wilaya inayojulikana kama njia tu hupata malipo ya njia tu. Mgeni anayesimama kuona jambo hulala, hula, hununua ndizi na huajiri mwongozaji. Rwanda inajua hesabu hiyo: Septemba 2023 maeneo yake manne ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Upande wa pili unaogopa kutonesha vidonda. Kumbuka Benaco ilihifadhi watu wa aina gani. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda, alivuka na watu wake akaishi Benaco. Alikamatwa Kigoma mwaka 2001, na mwaka 2006 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu katika rufaa kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari. Ukiweka jiwe la ukumbusho wa wakimbizi, unamkumbuka nani? Swali hilo ni zito na halijibiki kwa haraka.

Jibu langu ni kwamba jiwe la Ngara liwe la aliyepokea. Uganda ilizika miili iliyoletwa na Kagera hadi ziwani, na leo kuna maeneo ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo. Wavuvi na wanakijiji walioopoa miili ile wanaheshimiwa humo bila kuchanganywa na wauaji. Ngara ilipokea walio hai, na kazi hiyo inastahili heshima ya kwake.

Hofu ya kuitwa mgeni

Upande wa tatu hausemi kwa sauti, na ndio unaonigusa zaidi. Kwenye wilaya ya mpakani, kukumbuka kunaweza kukugharimu. Ukisema mama yako alitoka ng'ambo, au kwamba mlihifadhi familia fulani mwaka 1994 na mtoto mmoja akabaki akaolewa kijijini, unaweza kuwa umejitengenezea kesi ya uraia.

Hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwaondoa maelfu ya watu mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma kwa madai ya kuwa wahamiaji haramu, na miongoni mwao walikuwemo walioishi hapa kwa miongo. Mwaka 2017 hata Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, aliyemrithi Mwoleka na ambaye alikuwa amesema hadharani kuhusu umuhimu wa Katiba mpya, aliitwa na Idara ya Uhamiaji kuhojiwa kuhusu uraia wake. Mkulima wa Kabanga akiona askofu anaulizwa ni raia wa wapi, yeye atafungua mdomo kwa nani?

Serikali ina haki ya kulinda mpaka. Lakini wilaya ambayo watu wake wanaogopa kusimulia walivyowasaidia jirani zao imenyang'anywa sehemu ya heshima yake. Mkusanyaji yeyote wa simulizi za Ngara lazima aje na hakikisho la maandishi kwamba simulizi hizo hazitatumiwa kumhoji mtu uraia.

> Wilaya ambayo watu wake wanaogopa kusimulia walivyowasaidia jirani zao imenyang'anywa sehemu ya heshima yake.

Majina yanavyofuata madaraka

Mtu mashuhuri kuliko wote aliyetoka ukanda huu ni Rais wa Awamu ya Tano, John Pombe Magufuli. Alizaliwa Chato mwaka 1959, akasoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, akafundisha kemia na hisabati Sengerema, akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza. Mwaka 1995 aliingia bungeni kwa tiketi ya Jimbo la Biharamulo Mashariki, wakati Chato ikiwa bado sehemu ya Biharamulo. Mwaka 2009, akiwa waziri tayari, alipata shahada ya uzamivu ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa utafiti wa mafuta ya maganda ya korosho.

Safari yake ya kwanza nje ya nchi akiwa rais, Aprili 6, 2016, ilipitia hapa: yeye na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Kesho yake akawa Kigali kwenye maadhimisho ya miaka 22 ya mauaji ya kimbari.

Wakati wake pia, mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ni hatua njema kwa wanyama waliokuwa wameangamizwa na ujangili wa miaka ya wakimbizi. Ila jina Biharamulo, lililokuwa kwenye ramani ya uhifadhi kwa miongo, likafutika. Ndivyo majina yanavyokwenda: yanafuata madaraka. Wasio na madaraka wasipoandikwa kwa makusudi, hawaandikwi.

Kinachowezekana sasa

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo, kama boma la Biharamulo au daraja la zamani lililovukwa 1994, yanahitaji tangazo la waziri. Wizara ya Maliasili na Utalii inaweza kulitangaza eneo la Rusumo, kuanzia makutano ya mito hadi darajani, kuwa urithi wa taifa, na kuweka ubao mkubwa unaosomeka kwa Kiswahili.

Makumbusho ya gharama kubwa yanaweza kusubiri. Kinachotangulia ni sauti za watu. Radio Kwizera ilithibitisha kwamba Ngara inajua kurekodi na kutangaza sauti zake. Walimu wa historia wa sekondari za Ngara na Biharamulo wana wanafunzi wenye simu zinazorekodi. Parokia zina daftari, hospitali ina kumbukumbu, na vijiji vya jirani na Benaco, Lumasi na Keza vina wazee wanaojua nani alifungua mlango usiku ule wa Aprili.

Mwanamke aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994, aliyegawa maharage yake ya mbegu kwa watu asiowajua, sasa amepita miaka 70. Halmashauri ya Ngara ianze naye mwaka huu.